Oili Uliyoimwaga Kaburini kwa Baba

Mpendwa Mama mkwe,

Shikamoo. Ulikuwa na tabia ya kuitikia marahaba kabla mtu hajafika nusu ya salamu, halafu hapo hapo unamuuliza kama ameshakula. Leo hakuna wa kuniuliza, basi najijibu mwenyewe: nimekula, ndizi na maharage, na nimekaa kwenye kile kigoda chako cha jikoni ambacho hukutaka mtu akikalie. Nimekikalia. Njoo uniondoe.

Nakuandikia habari za udongo. Watu watacheka, watasema mwalimu wa kemia hana la kumwambia hata marehemu isipokuwa kemia. Wacheke tu. Barua hii naiacha wazi, waisome na wajukuu zako, maana kila mmoja hapa nyumbani ana namna yake ya kusimulia habari ya oili, na shemeji Filbert ndiye anayeongoza kwa kutia chumvi. Mwaka huu nimemsikia akisema ulimwaga lori zima. Nimeona niiweke sawa kabla hujawa hadithi ya kutishia watoto.

Nilikuja kwako nikiwa bibi harusi mgeni, Msubi kutoka Biharamulo, mwaka ule ambao Kasulo ilijaa wakimbizi mpaka kilima cha ng'ambo kikawa cheupe na buluu kwa maturubai. Miti iliisha tukiiona. Yohana wako, mume wangu, alikuwa amepata kibarua cha kugawa maji kambini, mimi nafundisha sekondari, na wewe ulinitazama siku ya kwanza kutoka juu mpaka chini ukasema, "Huyu mukazana, mke wa mwanangu, ni mwembamba, lakini macho yake yanafanya kazi." Kutoka siku hiyo hukuniita jina langu tena. Ukaniita Mwarimu, kwa r yako hiyo hiyo, na mpaka leo kijiji kizima kinaniita hivyo.

Juu kidogo ya migomba yako, kando ya barabara, walikuwa wamefungua gereji ya malori ya chakula cha wakimbizi. Fundi mmoja pale alikuwa Damaseni, mkimbizi kutoka Rwanda, kijana wa watu aliyekuwa na mikono myeusi na maneno laini. Ulimpa kikombe cha urwagwa, pombe yako ya ndizi, siku moja ya jua kali, na tangu hapo akawa mwanao. Yeye ndiye aliyekuletea kopo la kwanza la oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini ikiwa imekwisha kazi, ukapaka nguzo za choo ili zisiliwe na mchwa. Kila mtu huku anafanya hivyo na hakuna ubaya. Nguzo zile hazikuguswa. Wewe sasa, ukakaa ukazitazama zile nguzo, ukafikiri.

Kwa sababu Baba mkwe alikuwa amelala pale chini kwenye migomba, na miguuni kwake kichuguu kilikuwa kimeanza kuinuka. Mimi sikumkuta Baba, lakini nilikukuta wewe ukimhangaikia kama mtu aliye hai anayelala kwenye nyumba inayovuja. Uliniambia tukimenya ndizi, "Mwarimu, mchwa wanakula mbao za sanduku. Wakishamaliza mbao wanakula nini?" Nilijua jibu, lakini si la kumpa mjane akiwa ameshika kisu.

Basi siku moja mimi nikiwa shuleni, ukachimba mfereji kulizunguka kaburi, Damaseni akateremsha oili kwa toroli, safari baada ya safari, akifurahi kwa sababu kule gereji hawakuwa na pa kuimwaga. Ukaujaza mfereji. Iliyobaki ukaimwaga pale kando yake, mahali pako, pale ambapo kwa desturi ya nyumba hii palikuwa pameachwa wazi upande wa kuume wa mume ili siku yako ikifika ulale naye. Nilipokuuliza kwa nini na pale, ulinijibu bila wasiwasi wowote, "Ili wakute pameshatayarishwa." Na vikopo vya mwisho ukavigawa kwenye mashina ya migomba, dawa ya fukusi.

Mama, sijawahi kuona upendo ukinuka dizeli namna ile.

Mchwa walihama, hilo nalikubali. Walihama pamoja na kila kitu kingine. Mvua za kwanza zilipokuja, maji yaligoma kuzama, yakatuama juu yakiwa na rangi za upinde, na udongo chini yake ukabaki mkavu. Migomba ile ya karibu ikageuka njano, ikakunja majani. Ukichota udongo unakunatia vidoleni mweusi na harufu yake haitoki kwa sabuni. Ndipo shemeji Filbert, kwa sauti yake ile ya kikao, akasema mbele ya ndugu wote, "Mama, pale pamekuwa gereji. Siku ikifika tutakupeleka makaburi ya parokia."

Ulisema, "Mimi silali na watu nisiowajua."

"Mama, wale ni Wakristo wenzako."

"Wakristo nawajua kanisani. Kulala nalala na mume wangu."

Ulisema kwa ukali, lakini nilikufuata jikoni nikakukuta umejifunika kanga usoni. Ukaniambia polepole, "Nimemwaga oili kitandani kwangu mwenyewe." Halafu ukaniuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kuniuliza: "Mwarimu, oili inaoza?"

"Inaoza, Mama."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nani?"

Nilicheka, na wewe ukacheka na machozi yako. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekujibu upesi kwa sababu nakupenda, si kwa sababu nilikuwa na hakika. Shuleni tulifundishwa kuchora minyororo ya kaboni na haidrojeni ubaoni, mirefu na mifupi, na kuipa majina. Hakuna aliyetuambia mnyororo ule ukimwagika juu ya kaburi la mtu unafanyaje. Likizo ile nilienda kumwona mwalimu wangu wa zamani wa Biharamulo, nikakaa naye kutwa nzima na vitabu vyake, nikarudi na mambo ya kukueleza. Nayaandika tena hapa kwa ajili ya wajukuu, kwa namna ile ile niliyokueleza, maana wewe uliyaelewa kuliko darasa langu lote la kidato cha nne.

Nilikuambia oili ilitoka ardhini na ardhi haiishangai. Ile sehemu yake nyepesi, inayonuka kama petroli, hupaa hewani yenyewe jua likiwaka. Sehemu ya juu juu jua huichoma pole pole na hewa huiingia, ikabadilika, ikaanza kukubali maji kidogo. Lakini iliyobaki, ile nzito, lazima iliwe. Ndani ya udongo kuna vijidudu tusivyoviona, na baadhi yao chakula chao ni mafuta. Huchukua hewa, ile oksijeni, huipachika kwenye ncha ya mnyororo, halafu hukata kipande, hupachika tena, hukata tena, mpaka mnyororo mzima unaisha na kinachobaki ni maji na ile hewa tunayoitoa puani.

Ulifikiri kidogo ukasema, "Wanaanza pembeni. Kama watoto na ugali wa moto."

Nimefundisha miaka mingi, Mama, na hakuna aliyenipa mfano mzuri zaidi ya huo. Nautumia mpaka leo. Na mtu akiniuliza kuhusu ile oili iliyojikunja kwa duara, isiyo na ncha ya kuanzia, huwa namwambia huo ni ugali uliokauka kwenye sufuria. Unaliwa, lakini kwa taabu na kwa mwisho.

Ukauliza basi kwa nini vijidudu vyako havili. Nikakuambia vina njaa ya vitu vingine. Oili ni kaboni na haidrojeni tupu, ni kama kumpa mtu ugali bila mboga na bila maji, tena umemfungia chumbani hakuna hewa. Vinahitaji naitrojeni, vinahitaji unyevu, vinahitaji udongo uliolegea. Ukasimama. "Unasema samadi," ukaniambia. "Umezunguka Biharamulo nzima kuja kuniambia samadi."

Ng'ombe wetu wawili hawakutosha. Damaseni aliposikia kwamba oili aliyoileta ndiyo inayokunyima mahali pa kulala, alinyong'onyea kabisa. Alizungumza na dereva mmoja ambaye lori lake lilikuwa linarudi tupu, wakapita upande wa Nyakahura kwa Mzee Masanja, yule Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake wengi kutoka Shinyanga. Nilikwenda nao. Mzee Masanja alituuliza shamba lina ekari ngapi. Damaseni akajibu si shamba, ni kaburi. Mzee akavua kofia, akasema, "Basi chukueni ile kavu ya zamani, ni nzuri zaidi. Marehemu asipewe mbichi." Dereva aliendesha njia nzima kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Sasa tabu ikawa kulima. Kaburi halilimwi, hilo hata mimi mgeni nilijua, na majirani walianza kusema kwamba Mwarimu kaja na elimu ya kumfukua baba mkwe wake. Wewe ulilimaliza jambo hilo kwa namna yako. Ulimwita katekista, akasali sala fupi, halafu ukapiga magoti pale kichwani kwa Baba ukaongea naye kana kwamba amejilaza baada ya chakula: "Mzee, tunakusumbua kidogo. Kosa ni langu, huyu mtoto ananisaidia." Kisha ukashika jembe la kwanza. Tuta lenyewe hatukuligusa. Tulilima mfereji, tukalima mahali pako, tukachanganya samadi na vipande vya migomba, tukamwagia maji. Katekista alikuwa amekunja mikono ya shati na analima pamoja nasi, na majirani hawakuwa na la kusema tena.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa nyasi, unakumbuka? Mtu wa migomba akiona udongo uko uchi hapati usingizi mpaka autandazie nyasi. Niligeuka tu, ukapafunika pote, nyasi nene za kufika kwenye kifundo cha mguu, ukazikanyaga kwa miguu. Mvua ikashuka. Baada ya muda pakaanza kunuka kama kinamasi. Nilikuambia umewanyima vijidudu hewa, bila hewa wanakula kwa kusuasua. Ukaniambia migomba umeilima kabla mama yangu hajazaliwa. Hatukusemeshana mpaka Jumapili. Ukatoka misani, ukaenda moja kwa moja ukaziondoa nyasi zote, ukanipitia ukasema, "Nimewafungulia dirisha watu wako." Tangu hapo ukawa unaugeuza udongo ule mwenyewe kila ulipokauka kidogo, na unatandaza nyasi nyembamba tu, za kuzuia jua.

Kuna siku moja tu uliyonitisha kweli. Mchuuzi alipita na unga mweupe kwenye kopo lisilo na jina, akikuambia ni dawa ya mchwa ya kudumu. Ulikuwa umeshaanza kufungua fundo la kanga. Nilimwomba aondoke kwa heshima, halafu bila heshima. Niliponusa nilijua ni zile dawa za zamani za klorini. Nikakueleza kwamba kuna sumu ambazo maji ya mvua yakizigusa zinakatika, kuna ambazo jua huzivunja, lakini ile ukiimwaga ardhini hupoteza kipande kidogo tu halafu hugeuka ndugu yake, naye ni mkaidi kuliko yeye na hukaa hata baada ya wajukuu. Klorini iliyopachikwa pale huwakwaza vijidudu. Hawapati pa kung'ata. Ulisema, "Basi huyo si mgeni, huyo ni mkwe mbaya." Ukanitazama ukacheka mwenyewe kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

Damaseni hakuona mwisho. Wakimbizi walipoanza kurudi kwao, barabara ilijaa watu na magodoro na masufuria, naye alipita pale akiwa na mzigo kichwani, hakuweza kusimama kwa sababu watu walikuwa wanasukumana. Alikuona umesimama kando ya barabara akaita, "Mama, bado inanuka?" Ukamjibu, "Kidogo." Alicheka, akapotea katika watu. Uliendelea kumtaja kila ulipochota urwagwa, na hatukupata habari zake tena. Nikipata msomaji aliye ng'ambo ya mpaka wa Rusumo anayemjua, amwambie haikunuka tena.

Gereji ikafungwa, maturubai yakaondoka, kilima kikabaki chekundu. Mahali pako pakakaa uchi misimu kadhaa. Halafu likaota gugu moja, jembamba, la ovyo, ambalo kwenye shamba lingine lolote ungeling'oa bila kuliangalia. Ukapiga marufuku mtu yeyote kuligusa. Filbert alikuja siku moja na panga kutaka kukusaidia kusafisha, ukamfukuza mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Na ile siku ya nyungunyungu sitaisahau. Nilikuwa nafundisha, mlango ukafunguliwa bila hodi, ukaingia na miguu yako yenye matope, umekunja jani la mgomba viganjani. Wanafunzi wakasimama, shikamoo bibi. Hukuwajibu. Ulifungua jani mezani kwangu, ndani mna nyungunyungu mmoja, mwekundu, anajikunyata. Ukasema, "Mwarimu, amekuja." Nilishindwa kuendelea na somo. Nikamzungusha yule nyungunyungu darasa zima wamwone.

Sikukudanganya lakini. Nilikuambia kwamba oili ya injini hubeba na vumbi la vyuma, madini ya risasi yakiwamo, na risasi haina mnyororo wa kukatwa; ni risasi leo na itakuwa risasi siku ya kiama. Usipande mboga hapo. Ulinijibu, "Hapo nitalala mimi, si mchicha."

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, ukanilelea watoto wangu wote mgongoni kwako, ukaniharibia kila mmoja wao kwa sukari. Hukurudi tena kulizungumzia jambo la kaburi. Ila mwaka huu, ulipokuwa huwezi tena kuinuka, ulinishika mkono ukaniuliza kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi wako, "Una hakika?" Nilikuambia nina hakika. Na safari hii, Mama, nilikuwa nayo.

Hata hivyo nilisimama pale walipokuwa wanachimba. Wanawake waliniita nikae nao ndani nikakataa. Filbert mwenyewe alikuwa shimoni, mzee sasa, anahema, na sijui kama wengine walijua kwa nini alikataa kupokewa jembe. Walipofika kiunoni alisimama. Akainama akachota udongo, akaupeleka puani. Nilimwona akiunusa mara ya pili. Kisha akanyoosha mkono juu kwangu na ule udongo, akasema, "Mwarimu, nusa." Ulikuwa unanuka mvua. Shemeji Filbert akauweka uso wake kwenye mkono wake ule ule wenye udongo, akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya wanaume wenzake.

Upande wa Baba, kwenye ukuta wa shimo, ulikuwa umebaki mstari mwembamba mweusi, mgumu kama lami, pale mfereji wako ulipopita. Vijana walitaka kuukwangua. Niliwaambia wauache. Nilijua wamekula walichoweza, na hicho kilichobaki hakina harufu wala hakimdhuru mtu. Ni wewe tu uliyekuwa unamlinda mumeo. Tukakushusha kando yake.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, Yohana aliniuliza jambo ambalo hatukuwahi kulizungumza tangu tuoane. Unajua sisi Wasubi tulivyo. Ndugu zangu wa Biharamulo walishaniambia zamani kwamba nikifa watakuja kunichukua, nikalale kwa baba yangu. Yohana akaniuliza, sauti ya chini, kama nitawakubalia. Nilimwambia hapana. Nilimwambia mwambie Filbert na waliobaki wasipange kitu upande wako mwingine, Mama, ule wa kuume. Udongo wa pale naujua.

Lala salama, mama yangu. Kigoda nitakirudisha mahali pake nikimaliza kuosha vyombo.

Mukazana wako,
Mwarimu